Mume ana presha, hataki chakula cha kuchemsha: nimpikie nini?

“Shikamoo mtaalamu. Naishi Nkuhungu, hapa Dodoma, nina mume na watoto watatu. Mwezi uliopita mume wangu alipimwa kazini, presha ikasoma 148/94 na sukari kabla ya kula 6.4. Akaambiwa apunguze mafuta, chumvi na wanga. Tangu siku hiyo nimeacha kabisa kupika chapati, maandazi, pilau na chipsi mayai, na ndivyo vyakula anavyovipenda. Napika ugali wa dona, mboga za kuchemsha na maharage. Anakula kidogo, anasema ameshiba, halafu nasikia kwa watu kwamba akitoka kazini Mtumba anapitia kibandani kula chipsi mayai na soda. Mama mkwe anasema ugali wa mtama na mlenda ndiyo dawa, ale huo hata sahani mbili. Mafuta ninayotumia ni ya alizeti, yameandikwa hayana kolestro, kwa hiyo sielewi tatizo liko wapi. Je, kuna namna ya kupika vyakula hivi nyumbani bila kumdhuru? Na ile mashine ya kukaangia bila mafuta, niinunue?”

Marahaba, dada yangu. Pole kwa mzigo, na hongera kwa kuuliza mapema. Swali lako lina jambo ninalokutana nalo kwenye nyumba nyingi: mgonjwa kaambiwa “punguza”, nyumbani kapikiwa “acha”. Mumeo hakukatazwa chapati wala chipsi mayai. Aliambiwa apunguze mafuta, chumvi na wanga, na hivyo vitatu vinaongozwa na mkono wa mpishi. Ulipoviondoa vyakula vyake vyote kwa mkupuo, ulimsukuma kwenda kula mahali ambapo huna usemi wowote juu ya chumvi wala mafuta yanayotumika. Kwa hiyo jibu fupi ni ndiyo, rudi jikoni uvipike. Ila vipike kwa namna nyingine, na usivipike vyote ndani ya wiki moja.

Kabla ya mapishi, tuziweke sawa hizo namba, maana hofu inaweza kukufanya ukaze kamba kupita kiasi. Presha ya 140/90 na kuendelea ndiyo tunayoiita ya juu, lakini kipimo kimoja cha kazini hakitoshi kumwita mtu mgonjwa. Huenda alipanda ngazi, alikunywa kahawa, au aliogopa tu kuona mkanda unamkaza mkono. Inatakiwa ipimwe tena siku nyingine, akiwa ametulia. Sukari ya 6.4 kabla ya kula haijawa kisukari. Kisukari kinaanzia 7.0, nacho huthibitishwa kwa kupima zaidi ya mara moja. Ila kati ya 6.1 na 6.9 ni eneo la tahadhari, na kwa bahati nzuri ndilo eneo ambalo chakula, mazoezi na kupunguza kitambi vina nguvu kubwa ya kumrudisha mtu nyuma. Una nafasi, na una muda.

Sasa mafuta. Yale maneno kwenye chupa yako ni ya kweli, lakini hayakusaidii. Hakuna mafuta ya mmea yoyote yenye kolestro, iwe alizeti, mawese, pamba au nazi. Kolestro hutoka kwa wanyama. Mambo mawili unayotakiwa kujua hayakuandikwa kwa herufi kubwa pale. La kwanza ni aina. Mafuta ya alizeti yana sehemu ndogo tu ya yale mafuta magumu yanayopandisha kolestro mwilini, kama sehemu moja kwa kumi. Ya mawese yana karibu nusu, na ya nazi yanapita sehemu nane kwa kumi. Kwa hiyo alizeti ni chaguo zuri, na sisi wa Dodoma na Singida tunailima wenyewe. La pili, na ndilo lililokuponyoka, ni kiasi. Gramu moja ya mafuta, yawe ya aina gani, ina kalori 9, wakati gramu ya wanga ina 4. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kama kalori 120. Ukimimina kwa macho moja kwa moja kutoka kwenye dumu, vijiko vinne vinapita kabla hujainua mkono, na hapo jamaa amekula nguvu inayokaribia ya mlo mzima kabla hata ya wanga kuingia sufuriani. Kwa hiyo badiliko la kwanza ninalokuomba halina gharama: acha kumimina, pima kwa kijiko. Fanya hivyo kwa kila chakula.

Jambo jingine kuhusu mafuta ya alizeti yanayokamuliwa hapa hapa mtaani, yale mazito yenye harufu ya mbegu. Ni mazuri kwa kuungia mboga na maharage. Kwa kukaangia chakula kinachoelea kwenye karai hayafai sana, kwa sababu bado yana mabaki ya mbegu, yanatoa povu na kuanza kufuka moshi mapema. Mafuta yaliyofika kwenye kufuka moshi yameanza kuharibika. Ukilazimika kukaanga kwa mafuta mengi, tumia yaliyosafishwa kiwandani, na usiyarudierudie mpaka yawe meusi.

Tuanze na chipsi mayai, maana ndizo zilizompeleka kibandani. Nitakaa hapa kwa muda, kwa sababu ukielewa kinachotokea kwenye karai utajua mwenyewe cha kubadilisha.

Zaidi ya robo tatu ya kiazi ni maji. Kikiingia kwenye mafuta ya moto, maji yale yanageuka mvuke na kutoka kwa kasi. Ndiyo mapovu na ile sauti unayoisikia. Wakati mvuke unatoka kwa nguvu, mafuta hayapati nafasi ya kuingia. Kazi inabadilika chipsi zikiopolewa. Zinaanza kupoa, mvuke uliobaki ndani unarudi kuwa maji na kusinyaa, na mafuta yaliyonata juu ya chipsi yanavutwa kwenda ndani. Sehemu kubwa ya mafuta huingia wakati huo, baada ya kuopoa. Sasa mwangalie muuza chipsi. Amekaanga asubuhi, akazirundika kwenye kabati la kioo, zikapoa na mafuta yake. Mteja akija, anazitumbukiza tena kwenye mafuta ili zipate moto, anaziopoa, kisha anamimina mafuta mengine kwenye kikaango ndipo avunje mayai. Chakula kimoja kimepita kwenye mafuta mara tatu. Tena mafuta yenyewe mara nyingi yametumika tangu jana, na mafuta yaliyochoka hung’ang’ania chakula kuliko mapya. Simlaumu, anatafuta riziki na anataka mteja asisubiri. Lakini wewe nyumbani huna foleni ya wateja.

Na chipsi mayai zina siri moja inayokusaidia: ukishazimwagia mayai, chipsi hulainika. Ule ukavu wa nje unaopatikana kwa kuzamisha kwenye mafuta mengi unapotea hata hivyo. Kwa hiyo hakuna sababu ya kuzizamisha tangu mwanzo. Kati ya vyakula vyote ulivyonitajia, hiki ndicho rahisi kuliko vyote kukitengeneza vizuri, na ndiyo maana nataka uanze nacho.

Chukua viazi mviringo nusu kilo, kwa watu wazima watatu. Menya, kata vinene, unene wa kidole, maana vipande vyembamba hunywa mafuta mengi zaidi. Loweka kwenye maji baridi robo saa, umwage yale maji meupe ya wanga. Weka maji mapya jikoni, tia kijiko kimoja cha siki au maji ya nusu limau, halafu viazi. Uchachu huo unavizuia visivurugike. Yakishachemka, hesabu dakika sita hadi saba, kisha mwaga maji. Hatua inayofuata wengi huiruka, nayo ndiyo yenye kuleta ladha: tandaza vile vipande kwenye kitambaa safi, visigusane, uviache vitoe mvuke mpaka juu vikauke na kuwa na ungaunga. Kwa hali ya hewa yetu hapa Dodoma, dakika kumi zinatosha. Kiazi chenye maji juu kitachemka kikaangoni badala ya kukaangika.

Pasha kikaango kizito, tia kijiko kimoja na nusu cha chakula cha mafuta, panga viazi, moto wa wastani. Usivikorogekoroge. Viache upande mmoja upate rangi, geuza, tena uviache. Dakika kumi na mbili hivi utaona rangi ya dhahabu, ishia hapo. Rangi ya kahawia iliyoiva sana siyo sifa. Wanga unapoungua kwenye joto kali hutengeneza kemikali iitwayo akrilamaidi, ambayo hatuihitaji mwilini. Ongeza kitunguu na pilipili hoho nyingi, na karoti iliyokwaruzwa ukipenda. Zungushia nusu kijiko cha mafuta kwenye kingo za kikaango, kisha mimina mayai manne uliyoyapiga na pilipili manga, giligilani iliyokatwa na robo kijiko cha chai cha chumvi. Funika, punguza moto, dakika tatu au nne. Geuza kwa kutumia sahani.

Hapo mafuta yote ni vijiko viwili vya chakula kwa watu watatu. Sahani ya kibandani, kwa kadirio langu, mtu mmoja anakula zaidi ya hivyo peke yake. Pembeni weka kachumbari ya kutosha yenye ndimu, bila chumvi. Badala ya tomato sosi ya chupa, ambayo ina sukari na chumvi, kwaruza nyanya mbivu, tia pilipili mbuzi na maji ya ndimu. Mayai yasikutie hofu, yai moja kwa siku halina shida kwa watu wengi. Mpikie hivi mara moja au mbili kwa wiki, iwe ndiyo mlo wenyewe, siyo kitafunwa cha kusindikizia wali.

Kuhusu ile mashine. Ni oveni ndogo yenye feni inayozungusha hewa ya moto, na inafanya kazi. Viazi vinapata ukavu wa nje kwa kijiko kimoja tu cha mafuta. Umeme wake hautishi kama watu wanavyosema. Mashine ya wati 1,500 ikiwaka nusu saa inakula chini ya uniti moja. Kasoro yake ni kikapu kidogo. Kwa watu watano utapika mafungu mawili au matatu, na la kwanza litapoa. Kama una fedha ya ziada, nunua. Kama ni ya kukopa kwenye kikoba, usinunue. Fedha hiyo ingekuwa yangu, ningeanza na mashine ya kupimia presha nyumbani, ile ya mkanda wa mkono wa juu. Chipsi unaweza kuzitengeneza bila kifaa kipya, lakini presha huwezi kuijua kwa kumtazama mtu usoni.

Chapati. Hapa mafuta yanaingia kwa milango mitatu: kwenye kukanda, kwenye kuzikunja ili zitoe tabaka, na kwenye chuma. Wengi wanabana mafuta ya kukandia, ilhali mengi humwagwa kwenye chuma. Kwa nusu kilo ya unga, utakaotoa chapati nane, vijiko vitatu vya chakula vya mafuta vinatosha kwa kazi yote. Kijiko kimoja kwenye kukanda, kimoja cha kupaka tabaka za chapati zote nane kwa vidole, na kimoja cha kupaka kwa brashi wakati wa kuchoma. Choma kwanza pande zote mbili kavu, bila mafuta, mpaka vile vidoa vitokee, ndipo upake kidogo na kugeuza mara ya mwisho. Ukipaka kabla, unga mbichi unayanywa yote nawe unaongeza tena.

Unga changanya nusu mweupe, nusu usiokobolewa. Ukitumia usiokobolewa mtupu siku ya kwanza, zitakuwa ngumu, watoto watazigomea, na utarudi ulikotoka. Zile pumba hunywa maji polepole na hukata nyuzi za ngano zinazofanya donge livutike, kwa hiyo tumia maji ya uvuguvugu, kanda donge laini kuliko ulivyozoea, na lipumzishe dakika 40 limefunikwa. Muda huo wa kupumzika unafanya kazi ambayo watu huitafuta kwa mafuta. Boga la kuchemsha likipondwa na kukandiwa humo linalainisha sana, na linapunguza unga unaohitajika. Zikiiva zipange kwenye hotipoti zikiwa zimefungwa kwenye kitambaa, zinalainishana zenyewe kwa mvuke.

Lakini nisikudanganye, chapati ya mafuta kidogo bado ni wanga. Tena ikiwa tamu hivyo mtu hula nne. Mwekee mbili na maharage au dengu na mboga ya majani, halafu hotipoti ibaki jikoni, isije mezani.

Maandazi nitayapita haraka. Utaona watu wanafundisha ya kuoka. Nayajua, ni mazuri, ila ni skonzi. Anayetamani andazi haridhiki na skonzi, atakula manne akilitafuta andazi. Afadhali upike vitumbua vya unga wa mchele kwenye chuma chake, ambapo kila shimo linataka mafuta kidogo sana, na upunguze sukari nusu, iliki ibebe ladha. Au kaanga maandazi ya kweli asubuhi moja kwa wiki, madogo, mafuta yawe ya moto sawasawa, uyapange kwenye chujio yachuruzike yakiwa bado ya moto, kwa sababu ile ile niliyokueleza kwenye chipsi. Kila mtu mawili, na chai isiyo na sukari au yenye kijiko kimoja.

Na hapo kwenye chai simama kidogo. Umeniandikia kila kitu kuhusu chapati, lakini hukunitajia sukari anayokunywa, ila ile soda uliyoisikia kwa watu. Soda moja ya mililita 350 ina karibu vijiko tisa vya chai vya sukari. Mtu anayekunywa chai vikombe vitatu kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu, anaongeza tisa vingine. Kwa mwenye sukari ya 6.4, kuondoa hivyo kumi na vinane kutamfaa kuliko kubadilisha unga wa chapati. Punguza nusu kijiko kila wiki, ulimi wake utazoea bila ugomvi. Zabibu zetu na ubuyu ni vitu vizuri, ila zabibu azitafune, asizinywe kama juisi, na ubuyu aupate usio na sukari wala rangi.

Pilau ndiyo inayonirudisha kwenye presha, kwa sababu tatizo lake kubwa ni chumvi. Mtu mzima anatakiwa asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na hiyo ni ya kila kitu alichokula tangu asubuhi, mkate ukiwemo. Chumvi ina sodiamu, sodiamu hushika maji kwenye mishipa, na maji yakiongezeka moyo unasukuma kwa nguvu zaidi. Kwenye pilau mpishi anatia chumvi kwenye nyama, anatia tena kwenye mchele, halafu anamalizia na viungo vya vidonge au vya paketi. Vile vidonge, karibu nusu yake au zaidi ni chumvi. Ukivitumia pamoja na chumvi ya kawaida umetia mara mbili bila kujua. Nakushauri uviache kabisa. Bizari nzima, mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga, vikikaushwa kwenye kikaango na kutwangwa siku ile ile, pamoja na kitunguu saumu na tangawizi mbichi, vinatosha kuifanya nyumba nzima inukie. Kwa kilo ya mchele tia vijiko viwili vya chai vya chumvi, basi, vigawanyike kwa watu wanane au kumi.

Mafuta ya pilau yote yanakwenda kwenye vitunguu. Badala ya kumimina kikombe kizima, ambacho kina karibu kalori 2,000, tia vijiko vinne. Vitunguu vikianza kushika chini nyunyiza maji kidogo, koroga, yakauke, nyunyiza tena. Vitachukua muda zaidi kuliko ulivyozoea, lakini vitafika kwenye ile rangi nyeusi-nyekundu inayoipa pilau sura. Mezani, nusu ya sahani yake iwe kachumbari na mboga za majani, robo pilau, robo nyama. Kama anaweza, aanze na mboga na nyama, wali ufuate. Sukari hupanda taratibu zaidi hivyo.

Kuna chumvi zinazouzwa kwa ajili ya wenye presha, ambazo sehemu yake ni potasiamu. Zinasaidia watu wengi, ila kwa mwenye tatizo la figo au anayetumia baadhi ya dawa za presha zinaweza kuwa hatari. Usimnunulie kabla figo zake hazijapimwa.

Sasa kwa mama mkwe, na naomba umfikishie salamu zangu, kwa sababu ana haki kwa sehemu kubwa. Mtama na uwele ni nafaka nzuri kuliko sembe. Zisipokobolewa zina nyuzi na madini, na zinastahimili ukame wetu. Mlenda una utelezi ambao ni nyuzi laini zinazopunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu. Mwambie ninakubaliana naye. Lakini “hata sahani mbili” hapana. Unga wa mtama, wa uwele, wa dona, wote ni wanga na wote utageuka sukari tumboni. Dona unachukua muda mrefu kidogo, ila tonge la dona lina nguvu karibu sawa na tonge la sembe. Kipimo chake kiwe ukubwa wa ngumi yake mwenyewe, mlenda na mboga vizidi ugali.

Halafu kuna magadi. Katika nyumba nyingi hapa kwetu mlenda haupikwi bila magadi, na maharage vilevile. Magadi nayo ni sodiamu, karibu theluthi ya uzito wake. Yaani mtu anaacha chumvi kwenye nyama, halafu anaipata kwa mlango wa nyuma kwenye mboga anayoiamini. Pia magadi huua sehemu ya vitamini za mboga. Mlenda utateleza bila hayo ukipikwa kwa maji kidogo na kupekechwa vizuri. Unachelewa dakika chache tu. Maharage yaloweke usiku kucha, umwage maji, utapika bila magadi na mkaa utabaki. Hili mwombe mama mkwe kwa upole, maana yeye ndiye mwenye mkono wa mlenda, na akikubali yeye nyumba nzima imekubali.

Karanga za kuungia mlenda ni nzuri, vijiko viwili vya unga wake kwa sufuria. Zichague kwa mkono kabla ya kutwanga, utupe zenye ukungu, zilizosinyaa na zilizobadilika rangi. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha hapa mkoani Dodoma na kule Manyara kwa sumukuvu, hasa iliyokuwa kwenye mahindi yaliyoshika ukungu, na karanga nazo hushikwa na sumu hiyo hiyo. Kukaanga wala kuchemsha hakuimalizi. Ndiyo maana unga uliotwangwa tayari, ambao hukuona karanga zake, mimi siupendi.

Kuhusu watoto: chumvi na sukari wapunguziwe pamoja na baba yao, itawafaa. Mafuta wasibanwe kama yeye, hasa kama yupo aliye chini ya miaka mitano, kwa sababu bado wanakua na wanahitaji nguvu. Waongezee parachichi, yai, maziwa au karanga kwenye sahani zao. Hapo huhitaji kupika sufuria mbili.

Anza na chipsi mayai wiki hii, siku ya kazi, jioni, na mwambie mapema asubuhi kwamba leo zipo. Usimsimange kuhusu kibanda. Wiki inayofuata shughulikia sukari ya chai, kisha chumvi, chapati zifuate.

Hakuna pishi lolote humu linalochukua nafasi ya kliniki. Akipimwa nyumbani, akae kwanza dakika tano bila kuongea, mgongo umeegemea, mkono juu ya meza usawa wa moyo, apimwe mara mbili asubuhi na mara mbili jioni kwa wiki moja, uandike kwenye daftari. Wastani ukiwa 135/85 au zaidi, aende kituo cha afya bila kungoja. Ikisoma 180/120 au zaidi, mpumzishe dakika tano umpime tena. Ikibaki hapo, aende siku hiyo hiyo. Na kama ana maumivu ya kifua, kichwa kumuuma vikali, kupumua kwa shida, kuona ukungu, ganzi upande mmoja au maneno kumpotea, msisubiri kipimo cha pili, mpeleke hospitali mara moja, iwe ya Rufaa ya Mkoa au Benjamin Mkapa, ile iliyo karibu zaidi na mlipo. Kiu isiyoisha, kukojoa sana usiku na kukonda bila sababu navyo vinataka kipimo cha sukari haraka, asingoje tarehe ya kliniki.

Akianzishiwa dawa, asiziache kwa sababu chakula kimebadilika na namba zimeshuka. Huenda zimeshuka kwa vyote viwili. Zikiwa ni dawa za kushusha sukari, daktari aambiwe kwamba wanga umepunguzwa, kwa kuwa baadhi yake zinaweza kuishusha kupita kiasi. Siku ya kliniki chukua lile daftari, orodha ya dawa zote anazotumia zikiwemo za mitishamba, na uulize kuhusu kipimo cha figo, cha kolestro na cha wastani wa sukari ya miezi mitatu. Nenda naye, dada, usimwache aende peke yake. Wewe ndiye unayeshika mwiko, na maelezo ya chumvi na mafuta yatolewe ukiwa unayasikia mwenyewe.